Kibao Kidogo cha Chuma: Mazungumzo juu ya Matangi, Boila na Mabomba ya Presha

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na fundi mitambo mstaafu katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi, Kiloleli, Mkoa wa Simiyu. Tunayachapisha kwa ajili ya makatibu na wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Mimi si mjuzi wa hesabu za vitabu vya chama, wala si bwana shamba. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeitumia katika viwanda vya kuchambua pamba na vya kukamua mafuta, spana ikiwa mkononi, na hayo ndiyo nitakayoyazungumza. Nimearifiwa kwamba kimoja kati ya vyama vilivyowakilishwa hapa kinafikiria kununua boila iliyokwisha kutumika, ili kipate mvuke wa kupikia mbegu za pamba kabla ya kuzikamua. Nimeambiwa pia kwamba bei yake ni nafuu sana, na nimeombwa nitoe maoni. Nitayatoa. Lakini kwanza naomba niwaeleze jambo moja, kwani pasipo kulielewa, maoni yangu yataonekana kuwa ni maneno ya mzee mwoga tu.

Mzani na tangi

Wazee wetu wa Usukuma walipoanza kuunda vyama vyao mwanzoni mwa miaka ya 1950, moja ya malalamiko yao makubwa lilikuwa juu ya mizani. Mkulima alifika na pamba yake kwa mnunuzi, akaambiwa uzito asioweza kuuhakikisha. Vyama vikaanzishwa, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Viktoria. Ushirika wetu basi ulizaliwa, kwa sehemu, kutokana na shauku ya watu kutaka kilo iwe kilo.

Tafakarini mkulima alitaka nini hasa. Hakumjua mtu aliyeuunda mzani, wala hakuwa na uwezo wa kuufungua na kupima springi zake. Alichokitaka ni muhuri: alama ya kuthibitisha kwamba mtu mwingine, asiye muuzaji wala mnunuzi, ameupima mzani huo kwa kipimo kinachojulikana na wote. Hadi leo hakuna katibu miongoni mwenu atakayethubutu kufungua msimu kwa mzani usiokaguliwa, maana wanachama watamtimua kabla ya saa sita mchana.

Sasa nauliza: kwa nini chama hicho hicho, kisichokubali mzani usio na muhuri, kinakubali tangi la presha lisilo na kibao? Mzani mbovu humwibia mkulima kilo mbili. Tangi bovu humwibia mkono, macho, au roho.

Presha ni nini

Katika vitabu vya shule mtaikuta ikiitwa kanieneo. Sisi mafundi huiita presha. Ni nguvu inayosukuma kila sehemu ya ukuta wa chombo. Chukueni tangi la kawaida la kompresa, lenye upana wa sentimita 60, likiwa na hewa ya presha ya kilo 8 kwa kila sentimita mraba. Kilo 8 ni kama ndoo isiyojaa maji, na hakuna anayeiogopa. Lakini kifuniko cha mwisho wa tangi hilo kina sentimita mraba 2,800 hivi. Zidisheni kwa 8, mtapata zaidi ya tani 22. Robota moja la pamba ni kilo 180 hivi. Kwa hiyo kifuniko hicho kinasukumwa na uzito wa marobota 125, mchana na usiku, nacho kimekaa kimya. Mtu huliegemea tangi hilo akala muhogo wake.

Tena hewa iliyobanwa ni kama upinde uliovutwa. Tangi la ukubwa huo lenye lita 500, likipasuka, huachia nguvu inayotosha kunyanyua lori la tani 10 hadi mita 5 kutoka ardhini, na huiachia kwa kufumba na kufumbua. Boila ni mbaya zaidi. Maji yaliyo ndani yake, kwenye presha ya kilo 9, yana joto la nyuzi 180 hivi na bado ni maji, kwa sababu tu presha inayazuia yasichemke. Ukuta ukipasuka, karibu sehemu moja katika saba ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyokuwa ya maji. Jengo halina nafasi hiyo, basi jengo huondoka.

Kiwanda cha viatu cha Brockton

Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts huko Marekani, boila ya kiwanda cha viatu ilipasuka wakati wafanyakazi wakianza kazi ya siku. Ilitoboa paa ikatoka, jengo likaanguka, na moto ukawaka. Watu 58 walikufa. Naomba mzingatie mambo mawili. La kwanza, hiyo ilikuwa boila ya zamani, iliyowekwa kuwa ya akiba. Iliwashwa kwa sababu mpya ilikuwa katika matengenezo. La pili, haikuwa imetupwa bila ya kuangaliwa. Ubaya wake ulijificha ndani ya kiungo.

Wakati huo mabati ya boila yaliunganishwa kwa kulaliana, kama vigae vya paa, kisha yakapigwa ribiti. Chombo kilichounganishwa hivyo si duara kamili. Kila presha inapopanda hutaka kuwa duara, na inaposhuka hurudi. Mkunjo huo mdogo, ukirudiwa mara elfu nyingi, huzaa ufa chini ya mlalio, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki. Tuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usioonekana nani atauziba?

Hapo ndipo watu walipotambua kwamba ukaguzi peke yake hautoshi, na kwamba usalama lazima uanzie katika uundaji wenyewe. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya boila mwaka 1907. Majimbo mengine yakafuata, kila moja na kanuni yake, hata boila iliyokubaliwa upande mmoja ikakataliwa upande wa pili. Mwaka 1911 Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi ASME, kiliunda kamati ya kuandika kanuni moja. Toleo la kwanza lilikuwa la mwaka 1914. Kwa upande wa mabomba, kazi ya kuandika kanuni ilianza mwaka 1926, na toleo la kwanza likatoka 1935. Waingereza nao walikuwa na zao, na nchi za Ulaya zilitoa kanuni yao ya pamoja ya vyombo vya presha mwaka 2002. Vitabu hivi vimeendelea kusahihishwa, na nyuma ya vifungu vyake vingi kuna msiba wa mtu fulani mahali fulani.

Kanuni zinasema nini

Msidhani kwamba kanuni hizi ni maneno ya wasomi yasiyotuhusu. Zinajibu maswali ambayo hata mkulima angeyauliza: chuma cha aina gani, kinene kiasi gani, kimeungwa na nani, kimejaribiwa vipi?

Tufanye hesabu ya tangi letu, nami nitairahisisha. Chuma cha kawaida cha matangi hukatika kikivutwa kwa nguvu ya kilo 4,000 hivi kwa kila sentimita mraba. Je, tukitumikishe hadi karibu na 4,000? Hata kidogo. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1914 iliamuru tutumie sehemu moja tu katika tano. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikawa moja katika nne, na tangu 1999 ni moja katika tatu na nusu, kwa sababu ubora wa chuma na upimaji wake umeongezeka. Gawanyeni 4,000 kwa tatu na nusu: tunabaki na 1,140 hivi.

Kisha kanuni inauliza: je, kiungo kilichochomelewa kimepigwa eksirei? Kikiwa kimepigwa chote na kuonekana safi, kinahesabiwa kuwa na nguvu sawa na bati zima. Kikiwa kimechomelewa vizuri pande zote mbili lakini hakikupigwa kabisa, kinahesabiwa kuwa na sehemu 70 tu katika 100. Hivyo 1,140 inashuka hadi 800. Mwisho tunazidisha presha kwa nusu ya upana wa tangi, yaani 8 mara 30, tunapata 240. Tukigawanya kwa 800, jibu ni sentimita 0.3. Milimita tatu ndizo unene wa chini kabisa, na juu yake huongezwa akiba ya kutu, tuseme milimita moja na nusu.

Sasa mnaona kwa nini kutu si jambo la rangi na urembo. Akiba hiyo ikiliwa yote, na kutu ikala milimita moja zaidi katika zile tatu, zitabaki mbili kubeba mzigo wa tatu. Na kwa macho, tangi la milimita mbili halitofautiani na tangi la milimita tano. Wote ni chuma, na wote wamepakwa rangi ya buluu.

Baada ya kuundwa, tangi hujaribiwa kwa maji, si kwa hewa. Maji hayabaniki kama hewa. Tangi likishindwa, maji huchuruzika na mtu huenda nyumbani kwa miguu yake. Kanuni ya Marekani ilitaka jaribio la mara moja na nusu ya presha ya kazi. Tangu 1999 inataka mara 1.3. Likifaulu, hubandikwa kibao kidogo cha chuma chenye jina la muundaji, namba, mwaka, presha ya juu inayoruhusiwa, na alama ya kanuni iliyofuatwa. Kibao hicho ndicho muhuri wa mzani wetu.

Mabomba ya maji

Hata chama kisicho na mtambo wowote hakijaepuka habari hii. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yakitolewa ziwani kupelekwa vijiji vya juu hayana budi kusukumwa. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya kilo moja kwa kila sentimita mraba. Bomba lililo bondeni, likipandisha maji kwenye kilima cha mita 80, hubeba kilo 8 kabla hata ya kuhesabu msuguano. Bomba la plastiki lenye alama ya PN 6 limeundwa kwa kilo 6 tu. Hapo panahitajika PN 10 au zaidi, kwa kuwa mtu akifunga koki kubwa kwa ghafla, maji yaliyokuwa mbioni hugonga kama nyundo na kuongeza presha. Kwa hiyo katibu anaponunua mabomba, asisome bei peke yake, asome na namba iliyoandikwa ubavuni, na aangalie alama ya Shirika la Viwango Tanzania.

Kiraka changu

Ndugu zangu, sikuyajua haya kwa kusoma tu. Zamani, nikiwa fundi kijana katika kiwanda ambacho sitakitaja, tangi la kompresa lilianza kuvuja upande wa chini. Ilikuwa katikati ya msimu. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, na bila ya hewa mashine hazifanyi kazi. Mkuu wa zamu aliniuliza kama naweza kuziba. Nikasema naweza. Nilikata kipande cha bati, nikakichomelea juu ya tundu, nikapaka rangi. Nikalijaza hewa, nikaupaka uchomeleaji maji ya sabuni, na povu halikutoka. Nilipongezwa, na mimi mwenyewe nilijiona bingwa.

Sikujua kwamba tundu lile lilikuwa dalili tu. Maji yaliyokaa chini ya tangi kwa miaka, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuyatoa kila siku, yalikuwa yameula ubavu mzima. Kiraka changu kizito niliking'ang'aniza kwenye chuma chembamba kama karatasi. Siku ya 11, mwenzangu aliinama kufungua koki ya chini ili atoe maji, kazi ambayo mimi ndiye niliyemwagiza. Kiraka kiling'oka na kipande cha tangi, kikamkata mkono wa kulia.

Yu hai, na tunakutana mnadani mara kwa mara. Mnajua kwetu si adabu kumsalimia mtu kwa mkono wa kushoto. Yeye hunipa mkono wa kushoto, nami huupokea. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu leo.

Tangi lile halikuwa na kibao. Halikujulikana liliundwa lini, wala kwa presha gani. Sote tulilipita kila siku na hakuna aliyeuliza.

Wajibu wa katibu

Nchi yetu haikukosa sheria. Kulikuwa na sheria ya viwanda ya mwaka 1950, na mahali pake pakaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, chini ya Wakala unaoitwa OSHA. Lakini mkaguzi hawezi kukagua tangi ambalo hajui kwamba lipo. Kwa hiyo nawaomba makatibu mfanye mambo yafuatayo:

Kwanza, fungueni daftari la vyombo vya presha. Andikeni kila tangi, boila na mtungi, pamoja na yote yaliyo kwenye kibao chake na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Kibao kisipakwe rangi wala kung'olewa.

Pili, vali ya usalama isiguswe na mtu asiye na idhini. Wazee wanakumbuka gari-moshi la Mwanza lilivyokuwa likipumua kwa kishindo kituoni. Halikuwa likiharibika, lilikuwa likijiokoa. Anayeifunga vali kwa waya ili isipige kelele ameziba mdomo wa anayemwonya.

Tatu, maji yatolewe chini ya tangi la hewa kila siku, na mtu wa kufanya hivyo atajwe kwa jina kwenye ratiba.

Nne, ukuta wa tangi au boila usichomelewe, usitobolewe, wala usitiwe kiraka mpaka mkaguzi mwenye sifa ameona na kuandika.

Tano, gharama ya ukaguzi iingizwe katika makisio ya mwaka na isomwe mbele ya mkutano mkuu. Najua wapo wanachama watakaosema kwamba ni njia nyingine ya kula fedha za chama. Waonyesheni cheti na kukibandika ukutani, kama mnavyobandika bei ya pamba. Fedha inayoonekana ilikokwenda haina mgomvi.

Maoni yangu juu ya boila

Sasa nirudi kwenye swali nililoulizwa. Boila hiyo ina kibao kinachosomeka? Zipo karatasi za muundaji zenye namba ile ile ya kwenye kibao? Muuzaji yuko tayari mkaguzi apime unene wa mabati na kuijaribu kwa maji kabla ya fedha kutolewa? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, endeleeni na mazungumzo ya bei, na gharama ya ukaguzi muijumlishe humo humo. Jibu moja likiwa hapana, hicho si boila, ni chuma chakavu, na kinunuliwe kwa bei ya chuma chakavu na kwa kazi ya chuma chakavu.

Mtaniuliza, tukiikosa tufanye nini, na mbegu zetu zinaondoka kila msimu kwenda kutajirisha wengine? Swali hilo ni la haki. Mbegu zaweza kukamuliwa kwa mashine ya skrubu bila ya mvuke. Mafuta hupungua, jambo hilo silifichi. Lakini chama kinaweza kuanza hivyo, kikaweka akiba, na vyama viwili au vitatu vikaungana kununua boila moja yenye kibao. Kuungana ili kupata kile ambacho mmoja hakiwezi, ndiyo maana ya ushirika.

Wazee wetu hawakuwa wahandisi, lakini walijua kwamba mtu asiyeweza kufungua mzani ana haki ya kuuona muhuri. Wanachama wenu hawawezi kupima unene wa tangi. Wamewachagua ninyi mkawatazamie kile kibao kidogo. Nawaombeni, mrudipo vyuoni mwenu, viwandani na maghalani, kabla ya kufanya jambo lingine lolote, chukueni kitambaa mkafute vumbi, msome kilichoandikwa. Na msipokuta kitu, zimeni mashine.